Nywele Zilizosukwa Upande Mmoja

Nilimjua aliyenivunjia ndoa yangu nikiwa nimeshika usukani, mchana kweupe, kwenye foleni ya Dubai ya kuelekea Al Barsha.

Wakati huo nilikuwa dereva wa teksi za wanawake, zile zenye paa la waridi zinazobeba kina mama na watoto wao. Sare yetu ilikuwa ya rangi hiyo hiyo, na mtandio juu yake, na abiria wengi hawakuhangaika kujua tumetoka wapi. Walitutajia wanakokwenda kwa Kiingereza au Kiarabu, kisha wakaendelea na mambo yao kwa lugha zao, wakiamini kuwa kiti cha mbele hakina masikio. Siku hiyo niliwapakia wanawake wawili Deira, karibu na saluni ninayoijua. Walikuwa wametoka kusukwa, gari zima likanukia mafuta ya nazi. Mlango ulipofungwa wakaanza kuzungumza Kiswahili cha Nairobi.

"Unajua huyu msusi wangu anaishi na dereva wa hizi hizi teksi?" alisema mmoja. "Chumba kimoja."

"Eh, hiyo kazi ni poa. Unabeba wanawake tu."

"Wewe nawe! Huyo mwenzake alikuwa aolewe na Wazanzibari fulani wa Rashidiya, familia ya dini. Kumbe akimaliza zamu anapitia hotelini kwa wanaume."

"Wacha!"

"Haki. Mama mdogo wa kijana alikuja saluni kuuliza habari zake, msusi akaona ni dhambi kunyamaza. Akamwambia ukweli. Ndoa ikafa hapo hapo."

Mimi nilikuwa natazama taa nyekundu za lori lililokuwa mbele yangu. Sikulia. Vidole vilikufa ganzi, nikawa navifungua na kuvifunga juu ya usukani ili nihisi bado ni vyangu. Tulipofika kwenye mlango wa maduka makubwa, wakaanza kushuka na mifuko yao. Nikasema, kwa Kiswahili na bila kugeuka, "Uvuteni kwa nguvu mlango, dada zangu. Haufungi vizuri."

Yule msimuliaji alibaki na mguu mmoja ndani na mwingine nje. Akainama akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Nilimngoja atoe mguu wake, nikaondoa gari.

Huyo msusi waliyekuwa wakimsema ndiye mtu niliyekula naye sahani moja tangu nilipoingia Dubai. Yeye ni wa Mombasa, mimi wa Tanga, na kwa kuwa tulipofika hatukuwa na ndugu, tukawa ndugu. Tulipanga chumba Al Baraha, ghorofa ya juu kwenye jengo kuukuu, vitanda viwili na pazia katikati ambalo hatukuwahi kulivuta. Nilipokuwa nikianguka mtihani wa udereva, nikaanguka tena na tena, yeye ndiye aliyenisubiri na chapati za moto akiniambia mwalimu hana macho. Alhamisi jioni nilikaa sakafuni katikati ya magoti yake, akanisuka huku akinipa habari za saluni nzima: nani kaachwa, nani kapata mimba, madam yupi anavaa nywele bandia mume wake asijue. Mikono yake ilikuwa haiwezi kusuka mdomo ukiwa umefungwa. Nilicheka sana miaka ile. Sikujiuliza hata siku moja habari zangu anampa nani.

Mchumba wangu alikuwa fundi mitambo bandarini. Babu yake alihama Unguja zamani na familia ilikuwa na nyumba yake Rashidiya. Mama yake alinipokea vizuri. Nilikwenda kwake mara mbili, nikala biriani, nikaonyeshwa kanga alizohifadhi kwa ajili ya mkwe. Wiki mbili tatu kabla ya barua ya posa kwenda Tanga, kijana akaniandikia kwenye simu: Mama amesema basi. Tusitafutane. Nilipiga, hakupokea. Nilikwenda mpaka karibu na nyumba yao nikageuza gari, kwa aibu ambayo sikujua hata ni ya nini.

Na msusi ndiye aliyenishika nilipolia. Hilo ndilo lililoniunguza baada ya ile siku ya foleni, kuliko hata uongo wenyewe. Alinipikia uji. Alinifuta makamasi kwa kanga yake. Alikaa pembeni ya kitanda changu akasema, "Wanaume wa huku ndivyo walivyo, shoga. Wewe utapata bora zaidi." Kwa mkono ule ule.

Jioni ya siku ile ya foleni nilirudi nyumbani nikamkuta anakaanga samaki. Akaniuliza zamu imekuwaje. Nikamwambia nzuri. Nikala samaki wake. Alhamisi ikafika, nikakaa katikati ya magoti yake akanisuka, na nikahisi kila kucha yake kichwani mwangu. Nilifanya hivyo kwa miezi. Watu husema hasira hupoa. Yangu nilikuwa naipa chakula kila jioni na kuifunika vizuri. Kumpigia kelele ningeweza siku yoyote, angelia, angeapa, angesema wale wanawake wamemchanganya na mtu mwingine, na mwisho ningebaki mimi ndiye mwendawazimu. Nilitaka aliseme jambo lile kwa kinywa chake mwenyewe, kwa raha zake, mbele ya mtu ambaye hawezi kumkana.

Ndipo nikaenda Rashidiya, nikabisha mlango wa yule mama.

Alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amekonda. Hakunikaribisha ndani, wala hakunifukuza. Tukasimama pale kwenye kivuli cha ukuta.

"Mama, sikuja kuomba ndoa," nilimwambia. "Ijumaa ijayo nakwenda pwani ya mashariki, Khorfakkan, na marafiki zangu wawili. Tutalala huko usiku mmoja. Nakualika uje nasi."

"Mimi? Nende pwani na weye? Kwa lipi?"

"Mmoja wao ndiye msusi aliyezungumza na mdogo wako. Hakujui sura. Nitamwambia wewe ni mteja wangu. Kaa naye tu, muulize habari zangu, umsikilize."

Akauliza, "Na kama aliyoyasema ni kweli?"

"Basi utayasikia mara ya pili, na mimi nitakurudisha nyumbani kwako salama."

Akasema mwanawe hajaoa. Akasema amekuwa mtu wa kula na kunyamaza. Kisha akauliza gari lina kiyoyozi kizuri, maana yeye joto halimpendi, na hapo nikajua atakuja.

Rafiki wa pili alikuwa mwanamke Mganda, mlinzi kwenye maduka ya Al Barsha. Huyu hakuwa na habari yoyote, na nilimwalika kwa sababu safari ya watu watatu ingeonekana ya ajabu. Alitoka sehemu za ng'ombe na vilima, hakuwa ameingia baharini maisha yake yote. Ili kupata Ijumaa na Jumamosi kwa pamoja ilimbidi abadilishane zamu na nusu ya wenzake. Alfajiri ile alinisubiri chini ya jengo lao akiwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake taulo, mkate, na boya la kuogelea la mtoto lenye picha ya bata.

"Sista, hii itanibeba?" aliniuliza.

"Itakubeba mkono mmoja," nilimjibu, na msusi akacheka mpaka akashika tumbo.

Mama tulimpitia Rashidiya. Alivaa buibui safi na miwani ya jua, akakaa kiti cha nyuma upande wa dirisha. Nilimtambulisha: mteja wangu wa siku nyingi, ana hamu ya kuona bahari ya upande ule. Msusi akamwamkia shikamoo, akambusu mkono, akampangia mto mgongoni. Alikuwa mzuri sana kwa watu wazima. Siku nzima ile alimhudumia yule mama kama mzazi wake, na mimi nikawa namtazama kwenye kioo nikiendesha.

Siwezi kuisema vibaya pwani ile. Ukishatoka kwenye mchanga wa upande wetu unaingia milimani, mawe matupu ya rangi ya kahawia, na barabara inajipinda katikati yake. Masafi tulisimama kwenye soko la kando ya barabara tukanunua mapera na mahindi ya kuchoma, na karak, ile chai nzito ya maziwa, kwenye vikombe vya karatasi. Kisha milima inakatika ghafla na bahari inakuwa pale chini, buluu ambayo Dubai haina, na mbali kabisa meli za mafuta zimetia nanga zimejipanga. Mganda akaiona. Alishusha kioo, akatoa kichwa nje, akapigwa na upepo mpaka machozi yakamtoka.

Tuliifuata ile pwani kutoka Fujaira kwenda juu. Tulisimama kwenye msikiti mdogo wa zamani wa udongo, wenye vikuba vinne vifupi, mama akaswali humo na msusi akaswali nyuma yake. Khorfakkan tukala samaki wa kuchoma na wali kwenye mkahawa wa Wahindi unaotazama ghuba. Vijana wa Kiarabu walipita na pikipiki za majini. Msusi alitupiga picha, akatupanga, akamwambia mama aondoe miwani ili uzuri wake uonekane. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nikapata hofu. Niliona anaanza kumpenda. Nikawaza, akirudi nyumbani bila kumuuliza kitu, au akimuuliza na msusi akamwambia mimi ni mtu mwema, itakuwaje? Nitakuwa nimemtembeza adui yangu pwani, nimemlisha samaki, nimepiga naye picha.

Tulipanga nyumba ya vyumba viwili karibu na ufuo, upande wa Al Aqah. Asubuhi ya Jumamosi, tulipomaliza chai, mama alivua mtandio wake akajikuna kichwa. Msusi akaruka.

"Mama, nywele zako zimekauka hivi? Njoo nikupake mafuta nikusuke. Nina chanuo langu hapa, mimi siachi kazi yangu nyumbani."

"Haya, mwanangu. Nisuke twende kilioni, nyembamba nyembamba, za kizamani."

Mama akakaa sakafuni. Msusi akakaa juu ya kochi, akamweka mama katikati ya magoti yake. Akamgawa nywele mstari wa katikati, akaanza upande wa kushoto. Mama akaniangalia mara moja tu, akainamisha kichwa.

"Sisi tunashuka kuogelea," nilisema. Nikamshika Mganda mkono.

Maji yalikuwa yametulia. Mganda aliingia na suruali yake ya jinzi na lile boya la bata begani, akipiga kelele kila wimbi lilipomgusa kiuno. "Maji iko chumvi!" alisema, akayaonja tena kuhakikisha. Nilimfundisha kulala chali. Nilikuwa nimemwekea mkono chini ya mgongo, nikimwambia alegeze shingo, na macho yangu yalikuwa kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza lenye pazia la rangi ya maziwa. Sikuona kitu. Niliwaza tu vile vidole vinavyokwenda, na ule mdomo usioweza kufungwa vidole vikiwa kazini. Nilijisemea: sema. Sema yote. Ongeza na ya kwako.

"Sista, usiniachie," Mganda alisema. Nilikuwa nimeshamwachia bila kujua, naye alikuwa anaelea.

Tuliporudi juu tukiwa tumelowa, tulimkuta mama amesimama anafunga mtandio. Msusi alikuwa bado juu ya kochi, chanuo mkononi.

"Mama, bado upande mmoja," alikuwa akimwambia. "Huu wa kulia sijaugusa hata. Huwezi kutoka hivyo."

"Basi, imetosha," mama alisema. "Twendeni nyumbani."

"Kwani nimekuumiza?"

"Kunambia niketi, n'meketi. Sasa nataka kwenda nyumbani kwangu."

Alizungumza kwa utulivu, lakini vidole vyake havikuweza kukaza pini chini ya kidevu. Nilimsaidia kuikaza. Akaniruhusu. Hatukuangaliana.

Niliendesha bila redio. Msusi alikaa mbele na mimi, mama na Mganda nyuma. Tulipoiacha bahari na kuanza kupanda milima, mama akasafisha koo.

"Binti," alimwambia msusi. "Yale ulonambia kule wakati wansuka, yarudie. Mwenyewe yupo hapa, asikie."

Msusi akacheka kidogo. "Yapi tena, mama?"

"Ya hotelini. Ya wanaume. Ati akimaliza zamu. Nilipokuuliza mbona hajaolewa binti mzuri vile, si ulinambia? Ulinitajia na jina la hoteli."

Gari lilipita kwenye handaki. Humo ndani taa za njano zilikuwa zinapita usoni mwake, zinapita tena, na sikuhitaji kugeuka kuona rangi inavyomtoka. Tulipotokea upande wa pili alikuwa ameshika mkono wa mlango.

"Shoga, wallahi, huyu mama hakunielewa," alisema.

"Nilikuelewa," mama alisema. "Na mdogo wangu alikuelewa vile vile alipokuja kukuuliza saluni. Mimi ndiye mama wa yule kijana."

Nilikuwa nimengoja dakika ile kwa miezi, nimeipanga kitandani, nimejiandalia maneno ya kumkata nayo vipande. Sasa yalikuwa yamekuja na sikuyahitaji. Nilimwacha akae na aliyoyasema. Niliendesha polepole makusudi, polepole kuliko sheria inavyodai, malori yakawa yanatupita, ili ile njia isimwishie haraka.

Akaanza kulia. Kwanza alisema ni ibilisi. Kisha akasema waliokuja kumuuliza ndio waliomtia maneno mdomoni. Mwishowe akageuka kunitazama na uso wake wote umelowa.

"Ulikuwa unaniacha," alisema. "Ulikuwa umeanza kuchagua mapazia ya nyumba ya watu. Kila ukitoka kwao ulikuwa unanukia udi. Ningebaki na nani mimi kwenye kile chumba? Nani aliwahi kuja kuniposa mimi?"

Nakiri lile neno lilikuwa la kweli. Lilitoka mahali pa kweli. Na ninavyokumbuka, nililiona linakuja kwangu likitaka nilipokee, nilionee huruma, nimshike mkono kama nilivyozoea. Sikulipokea.

"Ulinifuta makamasi," nilimwambia. Ndiyo maneno pekee niliyomwambia.

Kituo cha mafuta kilipotokea mbele yetu, mahali ambapo mabasi na teksi za kwenda Dubai husimama, niliingia nikaegesha kivulini. Nikashuka, nikafungua buti, nikamwekea begi lake chini. Alikaa ndani ya gari akidhani nitabadilisha mawazo. Mganda akasema, "Sista, si hivi. Jua ni kali. Tumfikishe tu nyumbani." Nikamwambia teksi ziko nyingi pale na ni mchana. Msusi akashuka. Alisimama pembeni ya begi lake akiwa bado na chanuo mkononi, mafuta ya nazi yakimng'aa vidoleni. Nilimwona kwenye kioo mpaka tulipopinda.

Nikajisikia vizuri. Nimesoma na kusikia watu wanaosema kisasi kikishalipwa huacha utupu, huleta majuto. Sikupata utupu. Nilipata usingizi, usiku ule na usiku uliofuata, usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu mwaka uliopita.

Lakini gari lilikuwa bado na watu, na mimi nilikuwa bado sijamaliza.

Tulimshusha Mganda kwanza. Alichukua mfuko wake bila kuniaga vizuri. Kisha nikampeleka mama Rashidiya. Nilipozima gari mbele ya nyumba yao, akaniwekea mkono begani kutoka nyuma.

"Mwanangu, nisamehe. Tulikudhulumu. Kijana wangu bado yupo, na leo leo ntamweleza. Zile kanga zingali ndani, sijampa mtu."

Nikageuka nikamtazama. "Usimweleze kwa ajili yangu, mama. Yule msusi alisema uongo, lakini nyinyi ndio mlioamini. Nilikula kwako mara mbili. Ulikuwa na namba yangu ya simu. Hukuniuliza hata neno moja."

"Mambo kama yale mtu huyaulizaje?"

"Kama ulivyomuuliza yule."

Uso wake ulizeeka mbele yangu. Kisha akasema, taratibu, "Kwa hivyo na mimi ulinichukua kule unihukumu."

"Ndiyo, mama."

Nilidhani atanitukana. Alifungua mlango, akashuka kwa kujishikilia, akasimama akiweka buibui lake sawa. "Haki yako," alisema, na akaenda ndani.

Msusi alihamisha vitu vyake nikiwa kazini. Alinyamaza kwangu, lakini mama hakunyamaza. Alikuwa na ndugu na majirani wengi, na wote walikuwa wakisukwa mahali fulani. Baada ya muda nilisikia wateja wa Rashidiya wamemkimbia, amehamia saluni nyingine Ajman. Sikuinua kidole kuharakisha jambo lile wala kulizuia.

Kijana alikuja Al Baraha. Alinisubiri nje ya jengo na sahani ya halwa iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa, amenyoa ndevu zake vizuri. Nilikuwa bado nampenda. Niliona jinsi alivyosimama, mguu mmoja ukipumzika, kama zamani.

"Mama amenieleza yote," alisema.

"Mama alikueleza na mara ya kwanza," nilimjibu. "Wewe unaamini yule aliyezungumza mwisho."

"Nipe nafasi nikuombe msamaha."

"Umeshaomba. Yalla, nenda, watu wanatuangalia."

Akabaki amesimama na halwa yake. Nilipanda ngazi badala ya kungoja lifti, ghorofa zote, kwa sababu nisingeweza kusimama pale na mgongo wangu kwake. Juu nilifungua dirisha nikamwona anavuka barabara. Alimpa ile sahani mlinzi wa jengo la pili, akaingia kwenye gari lake. Mwaka uliofuata alioa, nikasikia mke anatoka Maskati. Nilikuwa na zamu siku ya harusi yao, na nilifanya kazi vizuri tu.

Aliyenishinda ni Mganda. Hakupokea simu zangu kwa wiki kadhaa. Nilimfuata mpaka Al Barsha, nikamkuta amesimama kwenye lango lake na redio ya mkononi, sare imepigwa pasi. Hakunitazama, macho yake yalibaki kwenye watu wanaoingia.

"Mimi nilikuwa na siku mbili," alisema. "Mwaka mzima, siku mbili. Wewe ulinichukua kama pazia ya kuficha vita yako. Yule mwanamke alikosa, sawa. Mimi nilikosa nini?"

Kwa wale wengine watatu sikuwa na deni, na hata leo sioni deni. Huyu nilimwambia nisamehe, palepale langoni, watu wakipita na mifuko yao. Akaniambia nisimame pembeni naziba njia.

Ilichukua muda. Majira ya baridi yaliyofuata alipata Ijumaa moja, akanipigia simu mwenyewe. Nilimpitia alfajiri. Alisimama nje ya gari na mfuko wake, akainama dirishani, akachungulia viti vya nyuma, akakuta vitupu.

"Leo tunakwenda kumuadhibu nani?" aliuliza.

"Hakuna."

Alifikiri kidogo. Akaingia, akafunga mkanda, akashusha kioo. Njia nzima alinieleza habari za binamu yake anayejenga nyumba, na tulipofika kwenye maji alivua viatu akaingia mbele yangu.